Uko Marekani halafu mechi huzioni? Haya, najibu

Habari zenu wapendwa. Leo sikupanga kurekodi, ila komenti zimezidi: "Wewe si uko Marekani, inakuwaje besiboli huioni kwenye TV?" Mmoja kaandika natafuta huruma. Mwingine anasema najionyesha kwamba nalipia vifurushi vya dola. Jamani, chagueni moja.

Naishi Des Moines, Iowa. Jimbo hili halina hata timu moja ya ligi kuu ya besiboli, lakini ligi imelihesabu kuwa eneo la nyumbani la timu sita: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals, Royals, Twins na Brewers. Nikalipia kifurushi cha ligi cha mtandaoni, kumbe hizo sita zimefungiwa, maana haki zake zilishauzwa kwa chaneli za kanda. Seattle naiona, Royals wa Kansas City hapo, mwendo wa saa tatu kwa gari, siwaoni. Siku hizi kuna timu zimelegeza, unalipia mojamoja, lakini ni hela nyingine.

Nyumbani Tanzania, Azam TV walisaini na TFF, shirikisho la soka, mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ligi nzima. Huku mechi za kitaifa mapato yake yanagawanywa sawa kwa timu 30, ila sehemu kubwa ya mechi 162 za msimu kila timu inauza kivyake. Dodgers wa Los Angeles mwaka 2013 walipata mkataba wa TV wa miaka 25 wa zaidi ya dola bilioni 8. Mnaoniuliza dola milioni 700 za mkataba wa Ohtani, staa wa Dodgers, zinatoka wapi, anzieni hapo. Sisemi zote ni za TV, msije mkaninukuu vibaya. Na bado nyumba nyingi za Los Angeles zilikaa bila kuwaona Dodgers mpaka 2020, kwa sababu kampuni nyingine za TV ya kulipia ziligomea bei ya chaneli yao.

Hela yenyewe ilitoka kwenye kebo, yaani TV ya kulipia ya waya. Kila mteja alikatwa dola kadhaa za chaneli ya michezo, hata bibi asiyejua besiboli ni nini. Watu wakaanza kukata kebo, na Machi 2023 Diamond Sports, waliokuwa na chaneli za timu nyingi, wakakimbilia mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Mei Padres wa San Diego wakaachwa, ligi ikachukua matangazo yao. Timu ilikuwa imejaza mastaa wa bei mbaya! Mwaka huohuo wakakopa takribani dola milioni 50, na Desemba staa wao Juan Soto akaenda Yankees ya New York. Kwa hiyo ukisikia timu "haina nia ya ubingwa", angalia kwanza TV yake inalipa au hailipi.

Mimi na kebo tulishaachana. Mgeni huna historia ya mikopo, wanataka dhamana. Nilipokata nikarudisha king'amuzi chao, risiti ninayo, bili ikaendelea kuja! Simu unasubiri mpaka chakula kinaungua.

Ushauri wangu ni wa kwangu tu, usije kunidai: sasa nalipia matangazo ya sauti ya ligi. Ni bei rahisi zaidi, na sauti haifungiwi, hata hizo timu sita nazisikia nikiwa zamu ya usiku. Anayebisha aje na bili yake hapo chini.