Kelele za Injini Chini ya Kiti: Kubadilisha Tabaka la Kuzuia Sauti Katika Hiace ya Zamani

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi na wamiliki wa magari ya safari,

Kazi nitakayoizungumzia wengi huiona ndogo, nayo ni kubadilisha tabaka la kuzuia sauti lililobandikwa upande wa ndani wa mfuniko wa injini. Mfano wangu ni Toyota Hiace ya kizazi kilichotoka mwaka 1989, ile ambayo wengi wetu tuliipanda ikiwa matatu au daladala, na ambayo baadhi ya wenye nayo wameing'oa viti vya nyuma, wakaweka kitanda, jiko na tangi la maji, ikawa nyumba ya kusafiria. Katika gari hili injini imewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kati ya dereva na dizeli ya lita 2.8 inayogonga hakuna kitu isipokuwa bati, tabaka la kuzuia sauti, na raba inayozunguka ukingo wa mfuniko.

Raba hiyo ndiyo ninayotaka tuanze nayo, ingawa mtu akifika dukani huulizia sponji kwanza. Sauti hupita popote hewa inapopita. Ukuta wenye mianya inayofikia asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi, hata ukiujenga mzito kiasi gani. Mwanya huohuo hupitisha joto, moshi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hili si jambo dogo kwa gari ambalo watu hulala ndani yake. (Tuelewane: injini ikiwa inanguruma mtu asilale humo, hata raba ikiwa imetoka kiwandani jana.) Kipimo chake ni rahisi: funga mfuniko juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute, ukirudia kila baada ya shubiri moja kuzunguka ukingo wote. Pale karatasi inapotoka bila kukwama, raba imekwisha kazi yake.

Sasa tabaka lenyewe. Sponji ya poliyurethani huharibiwa na joto na unyevu mpaka ikawa unga unaodondokea injini, na kabla ya kufika hapo huwa imekwisha kunywa mafuta kwa miaka mingi. Dizeli hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 55 hivi, ilhali manifoldi ya eksozi, yaani bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini, hupita joto hilo kwa mbali sana. Sponji iliyolowa dizeli juu ya manifoldi ni utambi unaosubiri kiberiti. Kwa hiyo anayeona tabaka la zamani limelowa atafute kwanza panapovuja, kwa kuwa sponji mpya juu ya mpira wa dizeli unaovuja ni fedha iliyotupwa, na ni hatari iliyonunuliwa.

Uondoaji hauhitaji maneno mengi: injini ipoe, waya hasi wa betri ufunguliwe, mdomo na pua vifunikwe barakoa, matundu ya injini yazibwe kwa kitambaa. Gundi ya zamani hukwanguliwa kwa skrepa, mabaki hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, kisha bati lioshwe kwa sabuni na likauke kabisa.

Katika kuchagua mali mpya, tutenganishe kazi tatu. Kutuliza mtetemo wa bati ni kazi ya shiti za butili, raba laini inayonata, wala si lami ya kuezekea, ambayo huyeyuka ikipata joto. Kuzuia sauti isipite ni kazi ya uzito: kwa nadharia, ukizidisha uzito wa kizuizi mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6 hivi, na ndiyo sababu raba nzito nyembamba huishinda sponji nene. Kunyonya sauti ndiyo kazi ya sponji, na yenye unene wa milimita 25 hunyonya vizuri mlio mkali wa kugonga wa dizeli, lakini mngurumo mzito wa chini huuacha upite. Muuzaji anayeahidi ukimya mtupu anauza maneno. Kwa kazi hiyo ya kunyonya yafaa sponji ya melamini, inayostahimili joto, au pamba ya kioo iliyofunikwa foili. Sponji ya godoro isikaribie kabisa. Hata kiwango cha Marekani cha FMVSS 302, kinachotaka moto usisambae kwa zaidi ya milimita 102 kwa dakika, kiliwekwa kwa ajili ya vitu vya ndani ya kabini, kwa hiyo lebo yake pekee isituridhishe juu ya injini.

Kabla ya kukata, pimeni nafasi iliyopo kwa kuweka vidonge vya udongo wa mfinyanzi juu ya sehemu za injini zilizoinuka, kisha fungeni mfuniko na kuufungua tena: unene wa kidonge kilichobanwa ndio nafasi mliyonayo, na sehemu yake lazima ibaki wazi kwa sababu injini hucheza kwenye mauntini zake, yaani vishikio vyake vya raba. Kingo zote zizibwe kwa utepe wa alumini, maana mafuta huingilia pembeni. Gundi isiachiwe kazi peke yake. Ongezeni pini na washa zake (vibati vya duara vya kubana), ili joto likiilegeza gundi, tabaka lisiangukie mkanda wa feni.

Baada ya safari ndefu ya kwanza, acheni injini ipoe, kisha mkague foili iliyo juu ya manifoldi. Ikiwa imegeuka rangi, wekeni ngao ya bati hapo katikati, iliyoachiwa nafasi ya hewa kila upande.