Nusu Lita Juu ya Khanga: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ukunga

Habari za mchana, wanangu. Mlioko nyuma sogeeni mbele. Na wewe, mama, toka nje kidogo, nitakuita.

Hii ni chupa ya nusu lita, nimejaza juisi ya rosela. Hii ni khanga, nyekundu na nyeusi, kama zile anazokuja nazo mzazi leba. Namwaga yote. Mnaona inavyonywewa? Haya, mwiteni mwenzenu. Hii ingekuwa damu ya mama aliyetoka kujifungua, ungeandika mililita ngapi kwenye faili?

"Mia mbili, mwalimu."

Asante, kaa. Ni mia tano. Usione haya, wakunga wa miaka ishirini kazini hukosea hivyohivyo.

Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni kizazi chenyewe kujikaza. Kikilegea, damu inakwenda. Mimba ikitimia, kizazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Ndiyo maana nasema muda wa kukisia hatuna.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kundi moja la hospitali liliendelea kukisia kwa macho. Jingine lilipewa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, na agizo moja: damu ikifika mia tano, au ikipita mia tatu na hali ya mama inatia shaka, fanya yote kwa pamoja. Kanda kizazi, choma oksitosini ya kukaza kizazi, toa asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu isivuje, tundika dripu, mchunguze mama, ita msaada.

Waliokisia waligundua kama nusu tu ya waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi. Waliopima waligundua asilimia 93. Matatizo makubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Niwe mkweli kwenu: vifo vyenyewe vilikuwa vichache pande zote mbili, kwa hiyo utafiti huu peke yake hauthibitishi kwamba vifo vimepungua. Mimi lita moja iliyobaki mwilini mwa mama inanitosha kubadili kazi yangu.

Kuhusu traneksami, aliyeigundua kule Japani pamoja na mumewe ni daktari Utako Okamoto, na tangu miaka ya 1960 alitaka ijaribiwe kwa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Jaribio kubwa, la wanawake zaidi ya 20,000, lilitoa majibu mwaka 2017. Yeye alifariki 2016. Majibu yalionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu hupungua karibu theluthi moja. Kwa hiyo isikae imefungiwa kabatini ufunguo ukiwa kwa mtu aliyekwenda chai.

Sasa njooni wawili wawili. Shuka linalazwa chini ya makalio mara mtoto akishatoka, mfuko uning'inie. Kisha mnasoma mstari kila dakika 15 kwa saa nzima, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo la mama.