Kabla ya Kuwasha Tochi: Mabomba ya Shaba kwa Anayeanza

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, hamjambo. Nimeombwa nizungumze na ninyi mlionunua nyumba hapa Uingereza, mnaotaka kusogeza rediata, yaani kile kipasha joto cha chumbani kinachopitisha maji ya moto, au kuongeza nyingine kwa mikono yenu. Inawezekana, na nataka muiweze. Ila tuweke mpaka kwanza: boila, yaani mtambo unaopasha maji joto, na bomba la gesi msiguse. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeandikishwa Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na akija mwombeni kitambulisho. Sisi leo tuko upande wa maji.

Katika nyumba nyingi za hapa, mabomba makuu ni ya milimita 22, na yanayoingia kwenye kila rediata ni ya milimita 15. Hili la 15 ukuta wake una unene wa milimita 0.7 tu. Kwa hiyo kikata bomba kikazeni kidogo kidogo huku mkikizungusha. Mkikikaza kwa pupa, mdomo wa bomba hubonyea na fitingi, yaani kipande cha kuunganishia mabomba, haikai sawa. Mkishakata, kwangueni ukingo mkali unaobaki kwa ndani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Anayeanza hukimbilia moto wa tochi, ile ya gesi ya kuunganishia mabomba. Kiungo kizuri hutengenezwa kabla ya moto kuwaka. Lehemu, ule waya laini wa metali tunaouyeyusha kuunganisha mabomba, ikiwa haina madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi za Selsiasi, ilhali shaba huhitaji 1,085. Hatuyeyushi bomba, basi. Tunaipasha shaba joto mpaka lehemu iyeyuke kwa kuigusa tu, kisha mwanya mwembamba kati ya bomba na fitingi huivuta ndani kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Huivuta hata kuelekea juu. Lakini haitashika shaba yenye uchafu. Sugueni nje ya bomba na ndani ya fitingi kwa msasa laini mpaka ving'ae, msiviguse tena kwa vidole, pakeni kwa wembamba fluksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika shaba, kisha unganisheni.

Moto upelekeni kwenye fitingi, na lehemu iguseni upande usio na moto. Ikiyeyuka huko, joto limeenea na kiungo kitajaa. Ukiiyeyusha kwa mwali wenyewe, itadondoka juu ya shaba baridi na kuganda kama kidonge. Kwa macho utadhani umemaliza, na maji yatapita.

Adui mkubwa kuliko wote ni maji yaliyobaki ndani. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu yapo hapo, yanakula joto lote; shaba haitafika 227 hata ukae na tochi nusu saa. Ukiona mvuke unatoka kwenye kiungo, zima. Kuongeza moto ni kuunguza fluksi bure. Rudi ukamwage maji ya mfumo mzima, fungua vali ya hewa ya rediata ya juu ili maji yashuke, kausha bomba, safisha upya.

Na mnafanya kazi hii katikati ya mbao kavu. Wekeni kitambaa kisichoshika moto nyuma ya kiungo, maji karibu, na msiondoke nyumbani mara tu baada ya kuzima tochi. Mbao inaweza kufuka polepole ndani ya sakafu bila mtu kuona.

Kitu kingine ambacho watu hupuuza: shaba hurefuka. Bomba la mita 10 likitoka nyuzi 10 hadi 70 huongezeka karibu milimita 10. Likibanwa kwenye boriti, litagonga na kulia kila mfumo unapowaka, usiku mtasikia. Acheni nafasi ya bomba kusogea.

Futeni fluksi iliyobaki nje, maana inakula shaba na kuacha kutu ya kijani. Suuzeni mfumo, mtie dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu rediata nyingi ni za chuma na zinaoza kwa ndani. Kwa mfumo uliofungwa, yaani usio na tangi la maji darini, jazeni mpaka kipimo cha presha kisome kati ya baa 1 na 1.5 maji yakiwa baridi, toeni hewa, jazeni tena. Kila kiungo kipitisheni karatasi kavu ya tishu kuona kama kinavuja. Kisha washeni, mfumo upate moto kabisa, na mvipitie tena vyote.

Hapa mezani kuna vipande vya bomba, fitingi na tochi. Anayetaka kujaribu aje, tuanze na msasa.