Trauti wa Maji ya Chemchem, na Mshipi Usio na Chubwi

SALMA: Asalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Salma hapa, pamoja na Ami Haji. Ami, leo tunaiacha bahari?

AMI HAJI: Tunaiacha, mwanangu, twende mtoni. Kusini mwa Uingereza, jimbo la Hampshire, iko mito ya Test na Itchen, anakoishi samaki aitwaye trauti. Mvua inazama kwenye mwamba wa chaki, kama huku inavyozama kwenye mawe ya matumbawe, kisha inatoka chemchem, safi, nyuzi 10 au 11 mwaka mzima.

SALMA: Kama chemchem alizovuta maji Sayyid Barghash mpaka mjini.

AMI HAJI: Ila zetu vuguvugu. Trauti maji yakipita nyuzi 20 anaanza kudhoofika, huku haishi.

SALMA: Na chambo chake?

AMI HAJI: Nzi wa bandia. Ndoana ndogo, nyengine kama punje ya mchele. Unaizungushia uzi, halafu unyoya wa shingo ya jogoo. Vile vinywele vya unyoya vinasimama pande zote, ndivyo vinavyomwelesha juu ya maji.

SALMA: Kitu chepesi hivyo kinafikaje? Sisi bila chubwi mshipi hauendi popote.

AMI HAJI: Uzito umo kwenye mshipi wenyewe, ni mnene. Unaurudisha nyuma kwa ufito, unangoja unyooke hewani, ndipo unaupeleka mbele. Nchani kuna uzi mwembamba, na nzi anatua pole pole.

SALMA: Kisha unamvuta.

AMI HAJI: Haasha! Ukimvuta umeharibu. Maji yale kioo, hayana haraka, trauti anapata nafasi ya kumtazama. Na majani ya mtoni yanagawa mkondo: hapa maji yanakwenda mbio, pale yamelala. Mshipi ukichukuliwa na yale ya mbio, nzi anachora mstari juu ya maji. Mdudu wa kweli anayeelea hachori. Basi unaurusha ulegee, upinde pinde, ili nzi apate kwenda na maji yake japo kitambo kidogo. Ufundi wote uko hapo.

SALMA: Na lazima aelee?

AMI HAJI: Hilo waligombana sana. Halford, mvuvi mashuhuri wa huko, alishikilia nzi anayeelea tu. Skues, mvuvi wa Itchen, akasema trauti anakula sana chini, wale wadudu ambao hawajaota mbawa. Mwaka 1938 wavuvi wakakaa London kulijadili, Halford keshafariki zamani. Mimi niko na Skues. Alimtazama samaki kwanza, kanuni baadaye.

SALMA: Basi na sisi changu akikataa ngisi, tusimlaumu.

AMI HAJI: Mpasue tumbo wa kwanza utakayempata, uone kala nini. Skues alikuwa na kijiko chembamba kirefu, anakitia kooni mwa trauti aliyekwishamuua, anatoa vilivyomo, anavimimina kwenye kisahani cha maji, wadudu wanatengana mmoja mmoja. Akishawaona, ndipo anafunga nzi wa kufanana nao.