Kitabu cha Masika Kisomwe Masika

Walimu wa awali, walezi na wazazi mliofika, habari za asubuhi. Waliokuja na watoto mgongoni wasihangaike kutoka nje watoto wakilia. Ukumbi ni wenu.

Nianze na picha moja. Ukurasa unamwonyesha mama akianua nguo kwenye kamba. Nyuma yake wingu jeusi limetanda. Kuku watatu wanakimbilia banda la jiko, na mtoto ameweka ndoo chini ya gata akikinga maji. Mfungulie mtoto wa miaka minne ukurasa huu mwezi wa nane, akiwa Tanga au Dar es Salaam. Atakutajia mama, kuku, ndoo. Majina matatu, kisha kimya. Mfungulie ukurasa uleule mwishoni mwa Machi, atakwambia mama anaanua, tena upesi, kwa sababu jana jioni naye aliitwa kusaidia kuanua. Picha haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba neno amelisikia nyumbani, amelifanya kwa mikono yake, na sasa analikuta kitabuni, yote ndani ya siku mbili.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Kitabu cha picha cha majira kinafaa pale tu kinaposomwa katika majira yake. Tukikisoma wakati wowote kinabaki kitabu kizuri, lakini faida yake kubwa inatupita.

Kwa hiyo kabla ya kitabu, tazameni kalenda. Pwani na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na hata Mombasa, tuna mvua mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati ya hizo kuna kipupwe, Juni hadi Agosti, na joto la Januari na Februari. Mwalimu wa Dodoma, Tabora au Songea asinakili kalenda hii. Kwake mvua ni moja, inaanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili, na kitabu kinachomwambia mtoto kuwa Oktoba kunalimwa matope kitamchanganya bure. Vitabu vinne kwa mwaka vinatosha kabisa: cha joto na embe shule zinapofunguliwa Januari, cha masika, cha baridi na mavuno, na cha vuli. Kitabu cha Ramadhani na Idi kiwekeni peke yake. Mwezi wa Hijria unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ukichora futari chini ya mvua, baada ya miaka michache watoto watafuturu kwenye jua kali huku kitabu kikiendelea kunyeshewa.

Vile vitabu vya msaada vyenye majira manne, majani yanayopukutika na watoto wanaochonga sanamu za theluji, sisemi vitupwe. Mtoto wa Moshi huiona theluji juu ya mlima asubuhi anapoamka, hata kama hajaigusa. Lakini visiwe ndivyo vya kufundishia lugha ya msingi, kwa sababu neno litaishia kwenye karatasi. Wale wenye wajukuu wanaokulia Muscat, London au Toronto, hesabu yao ni tofauti kidogo. Huko kitabu cha masika kisomwe kwa simu ya video siku ambayo mvua inanyesha kweli huku kwa bibi, na bibi aigeuzie kamera dirishani.

Sasa maneno. Kitabu kimoja kibebe maneno manane mapya, yasizidi kumi. Walimu wengi hujaza majina matupu: mvua, mwavuli, chura, konokono. Mtoto hazungumzi kwa majina, anazungumza kwa vitendo. Kwa masika ningechukua wingu, tone na dimbwi kwa upande wa majina. Anua, kinga, vuja na teleza kwa upande wa vitendo. Na chepechepe, kwa sababu watoto wanazipenda tanakali za sauti na hazisahauliki. Nguo zimelowa chepechepe. Kaka ametumbukia dimbwini chubwi! Jua likitoka, zimekauka kau. Mtoto mzito wa kusema huanza na chubwi kabla ya kitu kingine chochote, na tayari ameshiriki.

Angalieni pia jozi za vitendo. Asubuhi tunaanika, wingu likitanda tunaanua. Dirisha tunafunga, mvua ikikatika tunafungua. Mfereji umeziba, tunauzibua. Hapo mtoto anapata umbo la lugha yetu bila kuambiwa sarufi hata neno moja, na masika yenyewe ndiyo yanayompa sababu ya kusema yote mawili ndani ya saa moja.

Na hapa kuna jambo ambalo waandishi wa vitabu wengi hawalitumii. Hesabuni majina ya mvua: wingu, tone, dimbwi, jani, paa, matope. Karibu yote ni ya ngeli moja, li- na ya-. Wingu limetanda, mawingu yametanda. Tone limedondoka, matone yamedondoka. Ngeli hii huwasumbua watoto, hasa wanaozungumza Kisukuma, Kigogo au Kimaasai nyumbani, na hata wa mjini ambao kila kitu kwao ni "hii imeanguka". Kwa hiyo kitabu cha masika kiwe ndicho kitabu cha li- na ya-. Msiseme "leo tunajifunza ngeli". Chora tone moja ukurasa wa kushoto, matone mengi wa kulia, na sentensi mbili chini yake.

Kitabu cha embe kina zawadi yake nyingine, nayo ni mti na tunda. Mwembe, embe. Mpera, pera. Mchungwa, chungwa. Mtoto akishaonyeshwa jozi tatu, mpe fenesi, umwulize linatoka kwenye mti gani. Akisema mfenesi bila kuwahi kuambiwa, ameshika kanuni. Kisha mpe ndizi. Atasema "mndizi", na hapo wengine hukimbilia kumsahihisha. Furahini kwanza! Mtoto anayesema mndizi anafikiri kwa Kiswahili, kanuni anayo. Mwambie tu, "Naam, na mti wake tunauita mgomba," mwendelee. Na msigombane juu ya "embe hizi" na "maembe haya", maana zote mtazisikia sokoni.

Tuje kwenye kusoma kwenyewe, ambako ndiko mambo huharibika. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha utafiti uliowafundisha wazazi namna ya kusoma kitabu cha picha kwa mazungumzo badala ya kukisoma kama tangazo. Watoto walikuwa wadogo, wa umri wa miaka miwili hivi, na baada ya mwezi mmoja tu walikuwa wamewapita wenzao katika lugha ya kuongea. Vitabu walivyosomewa havikuwa na maajabu. Tofauti ilikuwa ni nani anayesema. Njia yenyewe ina hatua nne ndogo: chochea mtoto aseme, pokea alichosema, kipanue kidogo, kisha mpe nafasi akirudie kikiwa kimepanuka. Sikieni:

"Tone imeanguka."

"Naam, tone limeanguka. Limeanguka wapi?"

"Kwa ndoo."

"Limeanguka ndani ya ndoo. Na hapa je? Matone mangapi yameanguka?"

"Matone mengi yameanguka."

Mtoto hajaambiwa kuwa amekosea, wala hajaombwa aseme "rudia baada yangu". Amesikia li- mara tatu, akaulizwa kwa ya-, akajibu kwa ya-. Mazungumzo haya huchukua nusu dakika. Panueni kwa neno moja au mawili, si zaidi. Mtoto akisema "kuku anakimbia", mrudishie "kuku wanakimbilia bandani". Ukimrudishia "kuku wanakimbilia bandani kwa sababu wanaogopa kulowa na manyoya yao yakilowa watapata baridi", umemnyang'anya zamu.

Adui mkubwa ni kibwagizo. "Huyu ni nani?" "Kukuuu!" "Anakimbia au hakimbii?" "Anakimbiaaa!" Darasa linanguruma, mkaguzi anafurahi, na watoto kumi wamefungua midomo tu. Swali lenye jibu la neno moja liulizwe siku ya kwanza peke yake. Baada ya hapo: anafanya nini, kwa nini, itakuwaje mvua ikizidi, nyumbani kwenu mnakinga maji kwa nini. Taja jina la mtoto baada ya swali, si kabla, ili wote wafikiri. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Tano ni ndefu kuliko mnavyodhani, na walimu wengi hujijibu wenyewe wakifika mbili.

Kitabu kimoja kikae wiki mbili na kisomwe mara sita hivi, dakika 10 hadi 15 kila mara. Siku ya kwanza msisome maandishi kabisa, tembeeni na picha. Siku ya pili msomeeni mfululizo, bila kukatiza. Ya tatu na ya nne ndipo mazungumzo. Ya tano tokeni nje na ndoo, kamba na nguo mbili, waanike na waanue kweli, halafu mrudi kwenye ukurasa. Ya sita mtoto ashike kitabu, asimulie yeye. Watu wazima ndio wanaochoshwa na kitabu kilekile. Mtoto huanza kuongea vizuri katika usomaji wa tatu, wakati mwalimu ameshakitupa kabatini.

Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Najua mnacheka. Ukiwa na 60, usiwasomee 60. Waite 12 au 15 mkekani, wengine wachore au wacheze na vizibo, na zamu izunguke wiki nzima. Anayekaa nyuma ya watoto 50 anasoma kisogo cha mwenzake.

Kutengeneza kitabu chenyewe. Karatasi ya manila ikate vipande vinne, kila kipande kitakaribia ukubwa wa A3. Manila tatu zitakupa vipande 12, yaani majalada mawili na kurasa 10. Chora upande mmoja tu, maana wino wa maka peni hupenya. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 3, sentensi iwe na maneno matatu hadi sita. Ukurasa mmoja uwe na tendo moja kubwa na vitu viwili vya pembeni vya kuzungumzia. Mkijaza soko zima kwenye ukurasa mmoja, kila mtoto atatazama kitu chake na hakuna mtakachozungumza pamoja. Toboa matundu matatu sentimita 2 kutoka ukingoni, shona kwa uzi wa magunia. Pini za stepla hushika kutu masika hayohayo unayoyafundisha. Picha za kubandika msizibandike kwa gundi ya unga, mende watakula mbingu na ardhi yake. Kikikamilika, kifunike kwa nailoni ngumu na kitundike msumarini, mbali na sakafu na mchwa.

Asiyeweza kuchora aingie kwenye tovuti ya African Storybook. Vitabu vyake vya Kiswahili viko wazi kwa kuchapisha na kubadilisha maneno. Lakini kisome kwanza kwa sauti peke yako. Vingine vimetafsiriwa, na sentensi nyingine zinasomeka kama zimevaa viatu vya mtu. Zirekebishe kabla ya mtoto kuzisikia.

Utajuaje kama limeingia? Usimpime kwa kitabu kilekile, maana atakuwa amekikariri. Mchoree picha ngeni, mathalani baba akianua mpunga mkekani, umwulize anafanya nini. Watano kwa siku, siku tano, darasa la 25 limekwisha. Andika tu: amesema neno mwenyewe, amelielewa bila kulisema, hajalijua. Na mara moja kwa mwezi jirekodi kwa simu dakika 10, kisha usikilize ukiwa peke yako. Sauti yako ikijaza zaidi ya nusu ya muda, punguza.

Kuna aliyeniandikia swali kwenye karatasi hapa: je, mvua isiponyesha? Kitabu cha masika kiko tayari, Aprili imefika, na anga ni jeupe. Kisomeni vilevile, ila geuzeni maswali. Mvua imenyesha? Haijanyesha. Mama ameanua? Hajaanua. Ndoo imejaa? Haijajaa bado. Hiyo -ja- ni ngumu kuifundisha siku za kawaida, kwa sababu darasani ni nadra mtoto kuwa anangoja kitu kwa kweli. Sasa anangoja. Na yule mkubwa kidogo, wa miaka sita, mwulizeni: ingenyesha jana, tungefanya nini? Tungekinga maji, mwalimu. Tungecheza dimbwini. Kuku wangekimbia.