Mgonjwa Si Rehani

Bwana mwenyekiti, wakuu wa hospitali mliofika, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa kule nyuma, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maadili ya tiba, nami nimechagua jambo moja ambalo wengi waliofanya kazi wodini hapa Kenya wanalijua: mgonjwa amepona, daktari ameshamruhusu, lakini haendi nyumbani kwa sababu hajamaliza bili.

Tuseme ni mama aliyejifungua kwa upasuaji. Ameruhusiwa Jumatatu. Anadaiwa shilingi 60,000. Mumewe ni mtu wa vibarua. Amepitisha mchango kwa ndugu na marafiki, M-Pesa imeleta 22,000. Ofisi ya malipo inasema haitoshi. Mama anarudi wodini, na kama kitanda chake kimeshapewa mwingine, analala pale atakapopata nafasi, yeye na kichanga chake. Sasa tazameni hesabu. Kila usiku anaolala, bili inaongezewa ada ya kitanda. Deni lililomshinda Jumatatu ni kubwa zaidi ifikapo Ijumaa. Mume anashinda akihangaika kwa chifu na kwa afisa wa ustawi, siku hizo hapati kibarua. Hospitali inamlisha mtu asiye mgonjwa, inamlipa mlinzi amchunge, huku wenye uchungu wanalazwa wawili kitanda kimoja. Kila upande unapoteza. Na jirani yake kijijini, akisikia habari hizo, mimba yake ikifika miezi tisa atabaki nyumbani. Akitoka damu huko, hatutamwona kabisa, au tutamwona tumeshachelewa.

Sheria imeshasema. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1972, unakataza mtu kufungwa kwa kushindwa tu kutimiza deni la makubaliano. Hapa hapa Mombasa, mwaka 1998, Mahakama Kuu iliamua kwamba maiti si mali, wala haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua. Alisema haki zao zimekiukwa, akaamuru walipwe fidia. Basi kwa nini bado tunazuia watu? Kwa sababu hukumu ile ilikataza geti kufungwa, lakini bili yenyewe haikupata mbebaji mwingine.

Na hapa lazima niwatendee haki wakuu wa hospitali. Msimamizi anayezuia mgonjwa mara nyingi si mtu katili. Ana msambazaji wa glavu anayedai, ana oksijeni ya kununua, ana vibarua wa usafi ambao mishahara yao inatoka katika makusanyo. Sheria ya mwaka 2023 imeziachia hospitali za umma mapato yao wenyewe. Ni jambo jema, tulililia kwa miaka. Lakini ina upande wa pili: sasa kila bili isiyolipwa ni pengo kwenye bajeti ya hospitali ile ile. Ukimwambia msimamizi aheshimu utu bila kumwambia glavu zitatoka wapi, umemwachia mzigo ukaondoka na maneno mazuri.

Njia ni zipi? Ipo ya kushika kitambulisho au hati ya shamba. Wengi huiona kuwa ni huruma, maana mtu anakwenda nyumbani. Mimi siikubali. Bila kitambulisho huyo mtu hasajili laini, hafungui akaunti, haajiriwi. Umemtoa wodini, kifungo umemfungashia.

Ipo ya msamaha wa bili. Hiyo naiunga mkono, lakini jinsi tunavyoitoa haina haki. Inakuja mwisho, mtu ameshakaa wiki mbili. Inampata anayejua kujieleza, au mwenye diwani wa kumpigia simu. Yule mnyonge kabisa, asiye na wa kumsemea, ndiye anayebaki.

Ipo bima. Tangu Oktoba 2024 SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya afya. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na ajira rasmi anapimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mia tatu si nyingi. Lakini bima ilipoanza ilitakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600, kutoka kwa mtu anayenunua unga wa siku moja moja. Na hospitali zimelalamika kwamba madai yao yanachelewa kulipwa. Bima inayochelewa kulipa humrudisha msimamizi pale pale getini.

Kuna waliojaribu kuondoa ada kwa amri. Burundi, mwaka 2006, mwaka ule ule ambao shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini huko, Rais Nkurunziza alitangaza uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kuwa bure. Akina mama walimiminika. Dawa zikapungua, wauguzi wakaelemewa, fidia kwa hospitali ikasuasua. Wengine huitaja Burundi kama ushahidi kwamba bure haifai. Mimi naisoma kinyume: wale waliomiminika walikuwepo siku zote, wakiumia nyumbani. Kilichokosekana ni maandalizi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Swali la nani hawezi kulipa liulizwe mtu anapoingia, si anapotoka. Mjamzito tunamwona kliniki miezi kabla ya uchungu. Hapo ndipo afisa wa ustawi akae, amsajili SHA, amwulize hali yake, na kama hana uwezo iandikwe kwenye faili. Kaunti itenge fungu la bili za wasiojiweza, litangazwe hadharani, ili bunge la kaunti likilipunguza wananchi wajue nani ameamua. Anayebaki na deni atie sahihi ahadi ya kulipa kidogo kidogo, aende nyumbani.

Najua mtaniuliza: na mwenye uwezo anayejifanya hana? Wapo. Anayekataa kulipa tunayo Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja. Apelekwe huko, ajitetee mbele ya hakimu kama mdaiwa mwingine yeyote. Wachache watatuponyoka na pesa zetu, na hasara hiyo naikubali waziwazi, kwa sababu njia pekee ya kuwanasa wote ni kumfungia pia yule mama mwenye 22,000 zake.

Muuguzi mkuu pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja kaunti. Karibu, dada, sema.