Nyumba Hii Haiuzwi

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Arusha)

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Nimeombwa niseme bei za nyumba hapa Arusha zinaelekea wapi. Mimi ni mthamini. Kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu na futi kamba, kupima vyumba na uzio, kisha kuandika namba. Watu hudhani namba hiyo naijua. Jamani, naitafuta kama ninyi.

Kila nyumba inayouzwa mjini hapa ina bei tatu. Ya kwanza anayo dalali, na hiyo ni ya kufungulia mazungumzo tu. Ya pili iko kwenye mkataba wa mauziano, mara nyingi imepunguzwa ili kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu visiume sana. Ya tatu ndiyo pesa yenyewe iliyohesabiwa, na wanaoijua ni muuzaji, mnunuzi na dalali wao. Mimi hiyo ya tatu huipata kwa dalali aliyedhulumiwa kamisheni. Huyo ukimnunulia chai anasema yote.

Watu angalau wamehesabiwa. Sensa ya 2012 ilikuta jiji la Arusha lina watu 416,442. Ya 2022 ikakuta 617,631. Wameongezeka zaidi ya laki mbili. Ukiweka watu wanne kwa kaya, hizo ni kaya elfu hamsini zilizohitaji pa kulala. Nani kawajengea? Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini nenda Muriet au Olasiti uone: watu wamejijengea wenyewe, wengi bila benki. Sheria ya mikopo ya nyumba tunayo tangu 2008, na bado mikopo hiyo nchi nzima haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Mtu anajenga kwa mshahara, kwa upatu, kwa ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Mwaka huu msingi, mwakani kuta zifike kwenye linta, bati Mungu akijalia.

Ndiyo maana mji umejaa mapagale. Moshono kuna moja nalipita kila wiki: nondo zimeota kutu juu ya nguzo, sebuleni umemea mpapai, na umeshazaa. Mwenyewe hadaiwi na yeyote, kwa hiyo hana haraka. Hapo ndipo penye jibu la swali lenu. Penye mikopo, soko likilegea benki inapiga mnada na bei inaonekana ikianguka. Kwetu mwenye nyumba anangoja. Bei haishuki, inakaa. Ukitaka kujua soko limelegea, usiulize bei. Uliza tangazo limetundikwa tangu lini.

Wakubwa mnakumbuka Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari, iliyokuwa hapa Arusha na kufungwa mwisho wa 2015. Wenye nyumba za Njiro walikuwa wamezoea dola za wafanyakazi wake. Wageni walipoondoka, wapo waliokataa kushusha kodi hata senti. Nyumba zikakaa tupu, maboganivilia yakafunika mageti. Hatimaye baadhi wakazikata vyumba, wengine wakafanya loji. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Sawa, tangazo sasa linasema shilingi, ila kichwani mtu bado anapiga hesabu za dola.

Kuhusu uwanja wa mpira wa Olmoti na AFCON ya 2027 sitasema mengi. Mashindano ni ya wiki chache. Kiwanja utakaa nacho miaka. Na "karibu na uwanja" ya dalali inaweza kufika Kisongo, nje ya jiji.

Kinachopandisha bei kweli ni hati, barabara na maji. Nyumba mbili za ramani moja, ukuta kwa ukuta: moja ina hati ya miaka 99, nyingine ina karatasi ya serikali ya mtaa yenye mhuri na mashahidi. Ya pili benki haiigusi, hivyo mnunuzi wake lazima awe na pesa taslimu, na wenye pesa taslimu ni wachache. Maji nayo yaulizie chanzo. Visima vya huku vingi vina floridi nyingi; ukitaka ushahidi angalia meno yetu yalivyo ya kahawia.

Nimalizie na lile pagale. Juzi nimekuta wameandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, kwa mkaa, namba ya simu. Nikapiga. Akapokea dalali.

"Mbona imeandikwa haiuzwi?"

"Hiyo ni ya kuzuia matapeli, bosi. Mzee anataka milioni mia na ishirini, inapungua."

"Inapungua hadi ngapi?"

"Njoo kwanza uone."